Mahame Niliyoyapaka Nyekundu

Vijana wangu mnaopita hapa kwangu Utemini kuniuliza habari za udongo, leo nawaandikia badala ya kuwasimulia. Kila mkija nawaonyesha namna ya kunusa udongo, kuufinyanga na kuumwagia maji, nanyi mnaandika, mnashukuru, mnaondoka. Lipo jambo moja ambalo sijawahi kuwaambia, ingawa hayo mengine yote niliyapata humo. Kwa mdomo nikikaribia kulisema huwa nabadilisha mazungumzo na kuwauliza kama mmekunywa chai. Karatasi haina chai, kwa hiyo leo litapita.

Nilikuwa bwana shamba. Kwetu ni Iguguno, mimi ni Mnyiramba, lakini kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Ikungi kwa watani zetu Wanyaturu. Nilifika nikiwa na cheti ambacho wino wake haujakauka vizuri, baiskeli ya serikali, na viatu vya ngozi nilivyovifuta vumbi kwenye kila mlango kabla ya kupiga hodi. Kinyaturu nilikisikia nusu nusu, na ile nusu nyingine nilijifanya nimeisikia. Kijiji chenyewe sitakitaja, maana wajukuu wa wahusika wapo na wengine ni majirani zangu hapa mjini.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wametawanyika vilimani walitakiwa washuke wakae pamoja kando ya barabara, ili shule, zahanati na bomba la maji viwafikie. Sitawapa hotuba kama lilikuwa jema au baya, wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kazi yangu mimi ilikuwa ndogo kwa kuitazama: kuzunguka eneo, kuchora ramani ya udongo, na kupendekeza watu wakae wapi na walime wapi. Nilipewa karatasi kubwa na penseli mbili. Ya kijani ilikuwa ya kupaka ardhi nzuri, na nyekundu ya kupaka ardhi iliyochoka.

Mwenyeji aliyepewa kunizungusha alikuwa Mzee Ntandu. Mtu mfupi, mkavu, anayetembea pekupeku, na ambaye hakusema neno mpaka aulizwe. Mimi nilikuwa nimefundishwa kuuliza maswali mafupi ili nisipoteze muda wa serikali, kwa hiyo tulielewana vibaya sana kwa amani kabisa.

Tukafika kwenye kilima kimoja chenye majani marefu yaliyofungana. Katikati ya majani palikuwa na mabaki ya kuta za tembe, zile nyumba za paa bapa la udongo, na duara la zizi la zamani lililoota mbigiri. Nyumba chache bado zilikuwa na watu, lakini sehemu kubwa ilikuwa tupu.

"Hapa ni wapi, mzee?"

"Hapa ni mahame."

"Kwa hiyo watu walihama."

"Walihama."

Nikatoa penseli nyekundu. Chuoni tulifundishwa kwamba mkulima wa jadi hulima mahali mpaka ardhi ichoke, kisha huhama kwenda kutafuta nyingine. Basi mahame ni nini kama si ardhi iliyochoka? Neno lenyewe lilinitosha. Nikapaka kilima kizima nyekundu, pamoja na zile nyumba chache zilizokuwa na watu, kwa sababu ncha ya penseli ilikuwa nene na sikutaka kuanza kuzizunguka moja moja. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliuliza nusu. Ningemuuliza mzee yule kwa nini watu walihama, angeniambia kwamba mmoja alifiwa na wake wawili mfululizo akaikimbia nyumba, mwingine aligombana na kaka yake, na mwingine wanawe walikua wakajenga kwao. Udongo haukumfukuza mtu yeyote pale.

Tukashuka kwenye tambarare ya kando ya barabara. Majani mafupi, hakuna kisiki, trekta lingepita macho yamefumbwa.

"Na hapa, mzee?"

"Hapa tunapitisha ng'ombe."

"Hapajalimwa?"

"Sisi hatujapalima."

Akapiga kisigino chini mara mbili, pakalia kama mlango uliofungwa. Nilidhani anakung'uta vumbi. Nikatoa penseli ya kijani, nikaandika pembeni: ardhi mpya. Nilikuja kujua baadaye kwamba babu zao waliilima tambarare ile mpaka ikakataa kutoa hata mtama, na ndiyo maana wao hawakuilima.

Sasa niwaambie kitu ambacho kila mwanamke wa pale alikijua na mimi mwenye cheti sikukijua. Wenyeji wale ng'ombe wao walilala ubavuni mwa nyumba. Kila asubuhi zizi lilifagiliwa, na kilichofagiliwa kilitupwa kwenye shamba linaloizunguka nyumba. Mama alifanya hivyo, mama mkwe wake alifanya hivyo kabla yake. Mahali palipokaa watu kwa muda mrefu, udongo ulikuwa mweusi na laini. Mungu hakuuweka pale. Ulitengenezwa na ng'ombe na wanawake, tenga kwa tenga. Ukimwambia mtu wa pale "mahame", mate yanamjaa mdomoni kama umemtajia kitu cha kula, kwa sababu anajua mahindi ya mahame yalivyo. Mimi nilisikia neno hilohilo nikaona njaa.

Watu wakahamia kwenye kijani changu. Nyumba zikapangwa kwa kamba, mstari juu ya mstari, kila kaya na shamba lake dogo nyuma ya nyumba. Ng'ombe waliwekwa kwenye mazizi ya mbali ili kijiji kiwe safi. Ramani yangu ikabandikwa ofisini.

Mvua za kwanza zilinyesha vizuri. Maji yalipiga ile ardhi, yakatazama huku na huko, yakaenda zake barabarani. Mbegu ziliota kwa kujitahidi. Kisha ikaja Februari, na nyie mnajua Februari ya Singida, mvua husimama wiki mbili kama mtu aliyesahau alichofuata. Udongo wenye samadi huwa umeweka akiba ya maji ya kuvuka wiki hizo. Udongo wangu haukuweka kitu. Kabla ya saa nne asubuhi majani ya mahindi yalikuwa yamejisokota. Baadaye yakaota maua mazuri ya zambarau katikati ya mtama, nikasimama kuyasifia mbele ya watu. Mama mmoja akaziba mdomo kwa kanga asicheke. Lile ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi, na linapenda udongo wenye njaa. Mkiliona shambani, msilipige picha mkaondoka. Lingoeni kabla halijaweka mbegu, kisha mkatafute samadi.

Nilichofanya mimi ni kuagiza mbolea ya chumvichumvi. Ikaja kwenye mifuko, nikawaeleza watu kwamba hii ni chumvi ya mimea. Kosa lingine la neno. Nilikuwa nasema na wafugaji, na mfugaji akisikia chumvi anamfikiria ng'ombe wake kwanza. Mmoja akachukua kopo akaenda kumlambisha mtamba wake, ili na yeye apate maendeleo. Mtamba alianza kutetemeka, akavimba tumbo, akalala ubavu. Tulimnywesha maji ya baridi na siki iliyopatikana kwa mwenye duka, akapona kwa bahati tu. Tangu siku hiyo chumvi nimeiacha jikoni. Na ile mbolea yenyewe tuliitia kwenye udongo mkavu, mvua ikachelewa, mahindi yakaungua. Siikatai mbolea ya dukani, vijana, msije mkaninukuu vibaya. Inalisha mmea, lakini udongo wenyewe hailishi, na udongo mgumu hauna mahali pa kuiwekea.

Mavuno ya mwaka ule sitayaeleza. Watu walikula mlenda mwingi na ugali mdogo.

Kiangazi kilichofuata nilipanda tena kile kilima chekundu, safari hii peke yangu, nikitafuta njia ya mkato. Penye zizi la nyumba moja iliyoachwa palikuwa na mahindi yaliyojiotea yenyewe kutokana na punje zilizodondoka. Hakuna aliyeyapanda wala kuyapalilia. Mvua ilikuwa imekwisha zamani, lakini mabua yalikuwa yamenipita urefu na majani ya chini bado yana ukijani. Nikachutama, nikaingiza mkono kwenye udongo, ukaingia mpaka kwenye kifundo. Nikaelewa yote kwa mara moja. Nikajifuta mkono, nikarudi ofisini, nikaitazama ramani yangu ukutani, na sikusema neno kwa mtu. Nilikuwa nangoja kuthibitishwa kazini. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine ya kuipamba.

Nyumba ile ilikuwa ya Mama Hawa. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, mrefu, mwenye utani mkali, na kijijini alipewa shamba katika mstari wa pili. Kumbe kiangazi chote yeye alikuwa anapanda kilimani kila asubuhi na tenga kichwani, anachimba samadi ya zizi lake la zamani, anashuka nayo. Akachimba mashimo ya mahindi, akatia samadi kila shimo kabla ya mvua. Msimu wa pili mahindi yake yalikuwa meusi kwa ukijani na yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele, wakati ya jirani zake kulia na kushoto yalikuwa yanafika magotini, ya njano. Naye aliendelea kupanda kilimani, ili akusanye ya mwaka ujao.

Hapo ndipo alipoitwa ofisini.

Kosa aliloshtakiwa lilikuwa kurudi mahame. Siku zile halikuwa dogo, kwa sababu aliyerudi alihesabiwa amekataa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga kama mimi, ila woga wake ulikuwa na sauti. Alitaka shamba la Mama Hawa, na mahindi yake yakiwa humohumo, lipewe kaya nyingine "yenye nia ya kukaa", na yeye apelekwe mwisho wa mstari wa mwisho aanze upya. Katikati ya msimu hakuna cha kuanza. Watoto wanne wangekula nini mpaka mwaka ujao, hakuna aliyeuliza.

"Mama Hawa, kila asubuhi unaonekana kilimani. Unafuata nini?"

"Mavi ya ng'ombe, mwenyekiti."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliibandua ramani yangu ukutani, akaitandaza juu ya meza.

"Huyu hapa ni bwana shamba, msomi, ametumwa na serikali. Kilima chote amekipaka nyekundu. Ardhi imechoka, hakuna kitu. Sasa mama, mtu anafuata nini kila siku mahali pasipo na kitu? Wewe unatengeneza nyumba yako urudi."

Mama Hawa akaitazama ile karatasi, nadhani kwa mara ya kwanza. Kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyetafuta kitu siku nyingi, sasa amekiona kilipo.

Mzee Ntandu alikuwepo, mjumbe wa kamati, amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Naye alikuwa ananitazama.

Nilikuwa na sentensi moja ya kweli ya kusema: karatasi hii imekosea, na aliyekosea ni mimi. Niliposimama, mdomo ukatoa nyingine.

"Mwenyekiti, huyu mama nilimtuma mimi."

Nikaendelea, maana uongo ukishaanza kutembea unataka kusindikizwa. Nikasema lile ni shamba langu la mfano, naijaribu samadi, nilichelewa tu kuleta taarifa. Nikawaomba twende tukaone. Tukaenda wote, na kopo la maji. Nikamwaga maji kwenye shamba la jirani, yakakimbilia njiani. Nikamwaga kwenye shamba la Mama Hawa, yakazama palepale, watu wakasogea kuangalia yamekwenda wapi. Hilo kopo la maji mnalolipenda sana, vijana, nilianza kulitumia siku hiyo, kwa kujiokoa.

Mzee Ntandu akauliza swali lake la kwanza tangu nimfahamu.

"Na samadi hii, bwana shamba, imetoka kwenye ardhi iliyochoka?"

Nikajibu, "Ardhi imechoka, mzee. Zizi halijachoka."

Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti akacheka pia, kesi ikaishia hapo. Jibu lilikuwa la werevu na bado nalionea haya. Mzee Ntandu akasema, "Haya," akaondoka zake.

Mama Hawa alibaki na shamba lake. Jioni hiyo nilimpitia nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa hiyo ulinituma."

"Nilikuwa nakusaidia, mama."

"Umenisaidia, asante. Wanangu watakula. Sasa kesho asubuhi uje na tenga lako."

"Tenga la nini?"

"Mtu gani anamtuma mwenzake kila siku na yeye haonekani? Watauliza. Au Wanyiramba hawabebi mavi?"

Nikaenda. Wiki ya kwanza nilibeba begani, shingo ikachubuka, wanawake wakanifundisha kata ya kichwani. Viatu vya ngozi viliishia njia ile. Mama Hawa alinifundisha mambo ambayo mnayaandika kwenye madaftari yenu mkiniita mtaalamu. Ya juu usichukue, alisema, hiyo mbichi itaunguza mche. Chimba ile ya chini, isiyonuka, inayovunjika mkononi. Mikono miwili iliyojaa kwa shimo moja, ifunike udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Ukisikia harufu kama ya mvua ya kwanza, udongo ni mzima. Ukisikia hauna harufu yoyote, pita.

Watu walipomwona bwana shamba ana tenga kichwani, wakaona hakuna kosa. Kabla ya mvua kwisha kulikuwa na njia iliyokanyagwa vizuri kutoka barabarani mpaka kilimani, na siku moja nilipishana humo na mwenyekiti mwenyewe akiwa na mkokoteni wa ng'ombe.

Kwenye mavuno akaja mgeni kutoka mkoani. Akaonyeshwa mahindi ya Mama Hawa, yamejaa punje mpaka kwenye ncha. Akamuuliza nani alimfundisha.

"Bwana shamba alinituma," akasema Mama Hawa, akitazama mbele.

Nilipata barua ya pongezi na nikathibitishwa kazini. Ramani haikurekebishwa, kwa sababu wa kuirekebisha nilikuwa mimi. Ikachukuliwa kama kielelezo kwa wenzangu, na mwaka uliofuata mahame ya vijiji viwili vingine yakapakwa nyekundu, na watu wakashushwa kwenye tambarare zao. Huko nilipita kwa baiskeli mara kadhaa. Niliona mahindi ya magotini na maua ya zambarau, na hawakuwa na Mama Hawa wala njia ya kilimani. Ningeweza kusema hata wakati huo. Nilikuwa natafutiwa uhamisho mzuri.

Nilipostaafu nilikwenda kumtafuta. Watu walikuwa wamerudi vilimani tangu miaka mingi, kila mtu kwenye mahame yake, na yeye alikuwa amekaa mbele ya nyumba anachambua karanga, macho yamefifia lakini ulimi mzima. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia kila kitu: penseli, neno mahame nililolisoma kinyume, siku nilipochutama kwenye zizi lake nikajua na kunyamaza, na vile vijiji viwili. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata kwa msamaha wake.

Akaendelea kuchambua karanga.

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi nilikuwepo. Waambie hao wanaoshika penseli."

Wakati wa kuondoka akaniuliza kama nimekuja na tenga. Sikuwa nalo, akaniazima la kwake, akamwambia mjukuu anionyeshe pa kuchimba. Ule udongo mweusi mnaoupenda hapa nyuma ya nyumba yangu, ambao kila mmoja wenu amechukua wa kupima na kunisifia, si wa Utemini. Ni wa kilima kile. Kwenye ramani ya serikali niliyoichora mimi, nadhani mpaka leo ni mwekundu.

Basi nimewaambia.